Wasomaji Wanauliza: Rangi ya Kale ya Gari na Namna ya Kuitunza

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zinahusu rangi za magari ya zamani, na karibu zote zinaulizwa wakati fundi amekwisha kutaja bei. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake ndilo la wengi.

Swali: Mhariri, marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1976 aliyoinunua ikiwa mpya. Ni ya rangi ya samawati pleni, isiyo na vimetameta, na haijawahi kupakwa rangi upya isipokuwa mlango mmoja wa nyuma uliogongwa. Kwa miaka sita gari limekaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Tanga. Paa na boneti vimepauka, na nikipitisha kiganja kinatoka na unga wa samawati hafifu, lakini ubavuni rangi bado ina uhai. Fundi mmoja anataka kuikwangua yote hadi kwenye bati apige mpya. Wa pili anasema atapitisha mashine ya kung'arishia kwa nusu siku tu na itang'aa. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Tanga)

Jibu: Dada yangu, Mungu amrehemu mzee wako. Ninakuomba uwazuie mafundi wote wawili kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako rangi hiyo haijafa. Imechoka juu tu, na chini ya huo unga ipo rangi ile ile aliyoiona baba yako siku alipokabidhiwa ufunguo.

Rangi ya gari ni chembe laini sana zenye rangi, zilizoshikiliwa pamoja na utomvu wa kiwandani uliokauka ukawa mgumu. Jua, hasa miali yake ya urujuanimno, huuvunja utomvu huo kidogo kidogo kuanzia juu, na ukishavunjika zile chembe hukosa cha kuzishika; hizo ndizo unazozifuta kwa kiganja chako. Paa na boneti huumia kwanza kwa kuwa vimelala vikilitazama jua la utosi, ilhali milango imesimama wima na hupata jua la pembeni kwa saa chache. Bahati yako ni kwamba gari la miaka hiyo lenye rangi pleni kwa kawaida lilipakwa rangi ya namna moja kutoka juu hadi kwenye praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza juu ya bati), bila lile tabaka angavu la juu ambalo mafundi huliita kilia na ambalo lilienea viwandani katika miaka ya 1980. Kilia kikianza kubanduka kwenye gari la siku hizi hakuna polishi itakayokirudisha, lakini rangi ya tabaka moja iliyochoka hufufuliwa, kwa sababu kila unachokiondoa juu kinafunua kilicho kizima chini yake.

Usinisadiki kwa maneno tu. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, tia polishi kiasi cha punje ya hindi, kisha sugua polepole mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikipata rangi ya samawati, hiyo ni rangi ya tabaka moja. Fanya hivyo hivyo kwenye ule mlango uliogongwa, maana inawezekana ulipakwa rangi ya namna nyingine na utahitaji kutendewa tofauti. Halafu tafuta sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba isije ikakwaruza, uipitishe chini ya milango, kwenye madigadi na kuzunguka matairi. Pale inaposhika kwa nguvu pana bati. Pale inapolegea au kuanguka pana puti nene, yaani ule udongo wa mafundi wa kujazia palipobonyea, na chini ya puti mara nyingi pana kutu iliyofunikwa.

Sasa kuhusu yule fundi wa mashine. Rangi ya kiwandani pamoja na praima yake kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja), na unywele mmoja wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo rangi yote unayoililia, kutoka juu hadi kwenye bati, ni unene wa nywele mbili, na imekwisha kuliwa na jua la karibu nusu karne pamoja na polishi zote alizozipaka mzee wako. Mashine ya kuzunguka kwa kasi, ikishikwa na mtu mwenye haraka, huila rangi hiyo na kuichoma kwa wakati mmoja. Ninasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkabidhi fundi mmoja wa kando ya barabara Volkswagen yangu, nikaenda kunywa chai, na niliporudi mgongo wa boneti, ule mstari ulioinuka katikati, ulikuwa umegeuka kijivu kwa urefu wa kidole. Ile ilikuwa praima. Ilichukua nukta chache tu. Sababu yake ni kwamba rangi ikiwa bado majimaji hutiririka na kukimbia sehemu zilizochongoka, hivyo kingo na mikunjo ya bati siku zote huwa na rangi nyembamba kuliko sehemu bapa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hubandika utepe wa karatasi juu ya kila mkunjo kabla hajagusa mahali popote, na asiyefanya hivyo usimpe gari lako.

Fanya kazi hii kwa mkono wako mwenyewe, kivulini, kwa siku mbili au tatu. Anza kwa kuliosha gari kwa maji baridi ya bomba na sabuni ya maji ya magari. Usitumie sabuni ya unga wala ya vyombo, kwani zimetengenezwa kukata mafuta, na rangi kuukuu haina mafuta ya kupoteza. Bati likikauka na kupoa kabisa, tafuta polishi ya mafuta isiyo na mchanga wowote wa kusugulia, uipake boneti nzima kwa wingi ukitumia kipande cha taulo la pamba, ukisugua kwa mkono thabiti lakini bila kukandamiza. Utaona rangi inakolea mbele ya macho yako na taulo linageuka samawati. Usishtuke, hayo ni yale mabaki yaliyokufa yanayoondoka. Yafute, paka tena nene, na safari hii usiifute. Liache gari likiwa limefunikwa na mafuta hayo usiku kucha, hata saa 24 ikiwezekana, ili mafuta yapate muda wa kupenya kwenye vitundu vya rangi iliyokauka. Kesho yake uifute, kisha upitishe kwa mkono polishi laini ya kusugulia, mara moja tu, sehemu ndogo ndogo zenye ukubwa wa sahani. Mwishowe paka nta. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, inafaa sana kwa rangi hizi kwa sababu huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80, hivyo hustahimili boneti iliyoachwa juani, na mng'ao wake ni wa kina kama wa rangi iliyolowa. Irudie kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa wewe unaishi karibu na bahari.

Usitazamie boneti ilingane na milango. Itakuwa na weupe kidogo hapa na pale, na kama kuna mahali praima imeanza kuchungulia, usiendelee kupasugua hata mara moja zaidi. Mimi ningeyaacha mabaka hayo yalivyo. 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na katika barabara zetu ilibeba abiria na mizigo hadi ikawa kama mtu wa nyumbani. Lakini kwa kuwa zilifanya kazi, nyingi zilipakwa rangi upya mara tatu na nne, na iliyobaki na rangi yake ya kwanza ni adimu. Rangi mpya unaweza kuinunua mwaka wowote. Hiyo uliyo nayo ikikwanguliwa, imekwenda.

La mwisho kwako, lihamishe gari hilo kutoka chini ya mwembe. Kivuli ni kizuri, lakini utomvu wa embe hugandamana na rangi, na vinyesi vya ndege vina asidi inayochimba alama ya kudumu vikipikwa na jua kwa siku moja. Kinyesi usikikwangue, kilaze chini ya kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi hadi kilainike, kisha kiinue. Utomvu ulainishe kwa mafuta kidogo ya kupikia halafu uoshe. Majani nayo hurundikana kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, yakaoza na kushika unyevu, na kutu huanzia humo bila wewe kuiona. Kila mlango una vitundu vya kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Vikiziba kwa vumbi, maji ya mvua hukaa ndani ya mlango na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Chukua njiti ya chelewa kutoka kwenye fagio, uvizibue kimoja kimoja. Maji meusi yatakayotoka yatakuonyesha muda yaliokaa humo.

Swali: Mimi ni mstaafu, nina Land Rover Series III niliyoinunua miaka ya 1980. Nilikuwa nikiambiwa gari hili halishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu, lakini sasa chini ya milango rangi imeota malengelenge, na nikiyatumbua hutoka unga mweupe kama chumvi. Ni nini hiki, na je, nikipaka rangi juu yake kitakoma? (Mzee wa Morogoro)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Uliyoambiwa yana ukweli nusu. Land Rover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza baada ya vita, na kiwanda kikachagua bati la aluminiamu kwa ajili ya bodi, huku chasisi na fremu nyingi za ndani zikibaki za chuma. Aluminiamu kweli haioti kutu nyekundu. Lakini inapogusana na chuma, na katikati yao pakawa na unyevu wenye chumvi au matope, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe ni aluminiamu yako iliyokwisha kuliwa. Chini ya mlango ndipo bati la nje linapokunjwa juu ya fremu ya chuma, na ndipo maji yanapotulia, kwa hiyo ugonjwa umeanzia mahali pake.

Kupaka rangi juu hakutaukomesha, mzee, kwani utaota tena kabla ya masika mawili kupita. Malengelenge yafunguliwe yote, pasafishwe kwa msasa wa maji hadi bati jeupe lionekane pande zote, hata kwa upana wa vidole viwili kupita mahali palipoharibika. Kisha ipakwe praima maalumu ya aluminiamu, ile yenye asidi kidogo inayojing'ata kwenye bati. Praima ya kawaida ya chuma haishiki vizuri kwenye aluminiamu. Ikiwekwa, rangi huja ikabanduka kama ganda la kitunguu. Kwenye mkunjo, palipo na nafasi, ingizwe nta ya majimaji ya kuzuia kutu ili itenganishe metali hizo mbili na kuyazuia maji. Bolti yoyote ya chuma utakayoirudisha kwenye bodi iwekewe washa ya plastiki au ipakwe grisi.

Ninakuomba utumie msasa wa maji na siyo mkavu kwa sababu nyingine pia. Rangi na praima za zamani ziliweza kuwa na risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa na mtu yeyote, hasa wajukuu wanaocheza uani. Tandika turubai, kisha makapi yote yakusanywe na kutupwa mbali na shamba na kisima. Kwa kuwa gari lako ni la kazi na rangi yake ni pleni, hakuna haja ya kupaka mlango wote. Baka la chini likipakwa kwa uangalifu hadi kwenye mstari wa mkunjo, jicho halitalitambua kwa urahisi.

Swali: Asalaam aleikum. Nina Mercedes-Benz W123 ya mwaka 1983, ya rangi ya dhahabu yenye vimetameta, hapa Muscat. Sina banda, kwa hiyo nililifunika kwa turubai la plastiki lililobana. Baada ya miezi minne nimekuta mistari myembamba kila mahali, na kwenye paa pana ukungu usiofutika. Turubai si lilikuwa la kulinda? (Msomaji wa Muscat)

Jibu: Wa aleikum salaam. Turubai la plastiki halipumui. Umande na unyevu wa bahari huingia kwa chini usiku, mchana jua hulipasha bati, na unyevu ule ukakosa pa kutokea ukabaki umekandamizwa kwenye rangi iliyo moto. Huo ndio ukungu unaouona. Ile mistari imetokana na vumbi la mchanga lililokuwa juu ya gari ulipolifunika, kwa kuwa upepo kila ulipolitikisa turubai lilisugua kama msasa.

Rangi yako ni kesi tofauti na ya dada wa Tanga hapo juu. Rangi za metaliki, yaani hizo za vimetameta, za miaka hiyo zilifunikwa kwa tabaka angavu, na chembe zinazong'aa ziko chini yake. Ukilisugua tabaka hilo likaisha, chembe zile huwa nyeusi na hakuna dawa isipokuwa kupaka upya. Kwa hiyo mpe fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, apime paa lote kwanza, na kama tabaka limebaki la kutosha ajaribu polishi laini kabisa mahali padogo kama kiganja. Ukungu ukikataa kutoka kwa jaribio hilo, uache. Badala ya turubai, jenga kivuli cha nguzo nne na paa la nguo nzito lisiloligusa gari, pande zikiwa wazi. Kama huna budi kulivisha, tumia kifuniko cha kitambaa kinachopumua, na usilifunike kamwe kabla ya kulisuuza kwa maji baridi.

Swali: Nina Datsun 1600 SSS nyeupe ambayo ningependa kuipeleka kwenye Africa Concours d'Elegance, lile shindano la uzuri na utunzaji wa magari. Vijana wanaoliosha gari hulipangusa kwa mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae. Tena kuna madoa madogo ya mawe mbele ya boneti, na fundi anasema dawa yake ni kupiga boneti nzima upya kwa rangi ya kisasa. Mnanishauri nini? (Msomaji wa Nairobi)

Jibu: Dizeli ikomeshwe leo. Mng'ao wake ni wa mafuta yaliyolowa juu ya rangi. Ndani ya saa chache huwa gundi ya kunasia vumbi jekundu la barabara, nayo huvimbisha raba za vioo na milango. Vijana wanaoosha hawana kosa, ndivyo walivyofundishwa. Wanunulie ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kukipitisha kwenye bati, waanze paa na kumalizia chini, na kitambaa cha magurudumu kisiguse bodi kamwe. Mistari mingi ya mviringo tunayoiona juani kwenye magari mazuri imetoka kwenye kitambaa kimoja kilichookota mchanga chini na kurudishwa juu.

Madoa ya mawe hayahitaji boneti mpya. Rangi ichanganywe kwa kulinganisha na gari lenyewe lilivyo sasa, siyo na namba ya kiwanda peke yake, kwa kuwa nyeupe ya zaidi ya miaka 50 imekwisha kuelekea kwenye krimu. Safisha kila kidoa, kama kuna kutu ikwangue kwa ncha ya kisu kidogo hadi bati ling'ae, weka tone la praima, likauke, kisha weka rangi kwa ncha ya brashi nyembamba ya mchoraji, tone juu ya tone, siku tofauti, hadi kidoa kiinuke kidogo kuliko rangi inayokizunguka. Baada ya wiki mbili kisawazishe kwa msasa namba 2000 uliolowa, ukiwa umeuviringisha kwenye kijiti chenye ukubwa wa kidoa chenyewe ili usiguse rangi nzima. Nimeona madoa ishirini yakitendewa hivi kwa jioni chache, na hata ukiinama karibu ulilazimika kuyatafuta.

Shindano hilo, ambalo hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong na lilianza mwaka 1970, huwapeleka majaji karibu kabisa na gari, na wao huangalia usafi hadi uvunguni. Rangi kuukuu iliyotunzwa inaheshimika mbele ya jicho linalojua. Hata hivyo, kama utalazimika kupaka sehemu yoyote, mwambie fundi apige rangi ya tabaka moja isiyo na kilia, kwa sababu mng'ao wa kioo wa kilia huonekana mara moja kuwa mgeni kwenye bodi ya Datsun ya enzi hizo. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi huwa na isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia mpakaji ugonjwa wa pumu wa maisha, na leso iliyofungwa puani haimsaidii chochote. Ulizia kama ana barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje kwa mpira. Kama hana, mtafute aliye nayo, hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Kazi ikikamilika, acha rangi ipumue kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuipaka nta, kwa hiyo hesabu siku zako kurudi nyuma kutoka siku ya shindano.